FATAKI ZIZUIWE FORODHANI, SI VICHOCHORONI

Kila Ramadhani inapoingia katika kumi la mwisho, swali lile lile huletwa mbele yetu na wanachama wa mjini na wa mashamba: Chama chasemaje juu ya fataki? Wazee wataka zipigwe marufuku moja kwa moja. Vijana wauliza mtoto atabakiwa na furaha gani siku ya Sikukuu. Wachuuzi wetu, ambao wengi wao ni wanachama wenye kadi, hukaa kimya wakingoja kusikia tutakalolisema. Leo twalisema, wala hatutalisema kwa mafumbo.

Sisi twaunga mkono kupigwa marufuku uuzaji wa fataki na fashifashi kwa watu binafsi, na upigaji wake majumbani na njiani. Lakini tuitakayo ni marufuku ya sheria, iliyojadiliwa katika Baraza la Wawakilishi mchana kweupe, yenye kumfunga mkubwa na mdogo. Hatuitaki amri ya mdomo itolewayo usiku wa kuamkia Idi, ili askari wapate sababu ya kuwakimbiza watoto vichochoroni.

Tukitazame kwanza kitu chenyewe. Baruti ya asili ni shura, kiberiti na makaa, vilivyosagwa na kuchanganywa. Fataki za siku hizi hutiwa pia unga wa alumini na chumvi zenye kuwaka kwa nguvu zaidi. Hata kile kijiti chenye kutoa vinyota, ambacho mzazi humpa mtoto wa miaka mitatu akidhani hakina dhara, huwaka kwa joto lipitalo digrii 1,000, na maji tunayoyaogopa jikoni yachemka kwa digrii 100. Kisha vitu hivi twavipiga wapi? Katika Mji Mkongwe, ambako dari ni za boriti na njia nyingi hazipitishi gari ya zimamoto. Na huko mashamba, chini ya mapaa ya makuti. Katika miaka hii, tangu 2026 hadi 2029, Idi ya Mfunguo Mosi yaangukia Februari na Machi, wakati kaskazi imekwisha kuyakausha makuti. Cheche moja yatosha. Na mtoto wa Micheweni akipasuka jicho, safari yake ya kumfikia daktari bingwa wa macho si ya mwendo wa miguu.

Lipo jambo jingine ambalo mgeni hatalifahamu upesi. Katika visiwa hivi mlio wa ghafla wa usiku si mlio mtupu. Wapo kati yetu waliousikia Januari 1964. Wapo wengi zaidi waliousikia tarehe 26 na 27 Januari 2001, Unguja na Pemba, waandamanaji walipopigwa risasi wakafa, na watu wapatao elfu mbili wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Pemba ikausikia tena Oktoba 2020. Mama aliyemzika mwanawe katika siku hizo ajua vyema kwamba kilichopasuka nyuma ya nyumba yake ni fataki ya mtoto wa jirani. Akili yake yajua. Mwili wake haujui. Yeye hakushauriwa, wala hakuna aliyemwuliza kama furaha hiyo anaitaka mlangoni pake saa sita za usiku.

Tena aliyeshika bunduki naye ana masikio. Askari aliyesimama pembeni mwa umma, mwenye hofu, kidole chake karibu na kitufe cha bunduki, akisikia mlipuko nyuma yake hatangoja kuchunguza kama ni baruti ya shilingi chache. Hili pekee, lau hakungekuwa na jingine, lingetutosha sisi wa upinzani.

Wengine watatuambia: nchi zilizoendelea zapiga fataki, mbona sisi tukataze? Na tuitazame Uholanzi, ambako kwa miaka mingi raia alikuwa na ruhusa ya kununua na kupiga fashifashi mwenyewe mkesha wa Mwaka Mpya. Tarehe 13 Mei 2000 ghala la fataki liliripuka katikati ya makazi ya watu mjini Enschede. Walikufa watu 23, wanne kati yao wazimamoto, wakajeruhiwa karibu elfu moja, na mtaa mzima ukateketea. Hata hivyo desturi iliendelea. Ulipokuja ugonjwa wa korona, Serikali yao ilizikataza fataki katika mkesha wa 2020 na wa 2021, ili hospitali zipumue. Katika ule mkesha wa kwanza majeruhi walipungua kwa zaidi ya nusu. Waliona kwa macho yao. Baada ya mabishano marefu, Baraza la chini la Bunge lao likapiga kura Aprili 2025, na Baraza la juu tarehe 1 Julai 2025, kuzipiga marufuku fataki za raia, na ikakusudiwa sheria ianze kwa mkesha wa 2026 kuingia 2027. Twaomba wanachama waitazame njia waliyoipita. Hawakuamka asubuhi moja wakakuta tangazo. Walijadiliana, wakahesabu majeruhi, wakazungumza habari ya fidia ya wafanya biashara, wakauliza nani atakayeisimamia sheria na kwa nguvu gani. Hata mlango wa vikundi vya mtaa kuomba ruhusa ya meya haukusahauliwa.

Hilo la usimamizi ndilo lenye uzito kwetu kuliko yote, kwa kuwa marufuku za karatasi twazijua. Uvuvi wa baruti ulikatazwa na sheria tangu 1970, na bado kwa miongo mingi baharini pwani ya Bara kulisikika milipuko, na matumbawe yakawa kifusi. Kwa nini? Kwa sababu mvuvi alikamatwa huku mkono uliompa baruti ukiachwa. Baruti ile haikuota mwambani; mlikuwa na njia iliyoitoa machimboni na katika kazi za ujenzi hadi ikafika mashuani.

Fataki nazo hazipikwi Ng'ambo. Hakuna kiwanda chake Unguja wala Pemba. Kila moja ipasukayo Mnazi Mmoja au Tibirinzi imeletwa na chombo, ikapita mbele ya afisa, katika sanduku lenye mwenyewe na karatasi zake, au bila ya karatasi. Basi Serikali ikisema haiwezi kuzizuia, na itueleze ni kwa vipi yaweza kumwona mtoto mwenye fataki tatu mfukoni, alizozinunua kwa mkono wa Idi, isimwone tajiri mwenye sanduku mia tatu gatini.

Na sheria ikija isiwe ya watoto wa Ng'ambo peke yao. Kila mwaka mkesha wa tarehe 12 Januari Serikali hupiga fashifashi zake, na mkesha wa Mwaka Mpya hoteli za pwani hupiga zao kwa kuwafurahisha watalii. Hatusemi maonyesho ya hadhara yafutwe. Twasema yawe na kanuni moja kwa wote: mahali pa wazi palipotangazwa mapema, saa inayojulikana, mafundi wenye ujuzi, zimamoto wakiwapo, na wakazi wa karibu wawe wamepewa habari ili mwenye mgonjwa, mwenye mtoto mchanga na mwenye mifugo wajitayarishe. Ikiwa kibali kitapatikana kwa kunywa kahawa na mkubwa fulani, hiyo si sheria, ni upendeleo uliovikwa kanzu.

Wala tusiambiwe kwamba watu wa visiwa hawajui moto wa heshima. Kila Mwaka Kogwa watu wa Makunduchi huchoma banda la makuti, na wanaokuja kutazama ni wengi. Lakini banda lajulikana lilipo, wazee wasimama, na hakuna atupaye moto miguuni pa mpita njia. Hiyo ndiyo tofauti tunayoitaka.

Kwa habari ya wachuuzi, mwanamke aliyetandika kapu lake Darajani siku ya Idi si adui wa mtu. Alikopa, akanunua kilichoruhusiwa kuingia nchini. Twataka sheria itangazwe mapema, apewe muda wa kuirudisha mali kwa aliyemwuzia, na adhabu nzito imwangukie mwenye kuingiza. Kapu lake likipigwa teke na askari huku ghala la tajiri limefungwa kufuli kwa amani, sisi tutakuwa upande wa kapu.

Ama watoto, Sikukuu yao ina pembea, ina nguo mpya, ina mishikaki na halua na kwenda kwa bibi. Hatuoni kwamba wataifikia jioni wakiwa maskini wa furaha kwa kukosa mshindo.

Hoja hii wawakilishi wetu wametakiwa waipeleke Barazani. Nanyi, ndugu wanachama, katika kila tawi ijadilini, mtuletee maoni kwa maandishi, hata yale ya kutupinga, nasi tutayatia katika gazeti hili kadiri karatasi itakavyoruhusu. Kwa sasa, bila ya kungoja sheria ya mtu, fataki ya aina yoyote isipigwe katika mkutano au maandamano ya Chama. Makatibu wa matawi wawaambie vijana wasimamizi jambo hili kabla ya umma kukusanyika, na atakayekutwa nayo atolewe uwanjani kwa adabu, yeye na mfuko wake.