UDI WA KIHINDI: JINA NALO NI AMANA



Ndugu zangu katika imani, mlioko hapa Ubaruku na popote mnaponisoma. Mpunga ukishavunwa na mashine zikianza kukoboa, mfukoni panapatikana chochote. Hapo ndipo na vichupa vya mafuta mazuri vinapopata wateja baada ya Swala ya Ijumaa, na vingi vimeandikwa "udi wa Kihindi". Leo nataka tulitazame jina hilo. Jina nalo linauzwa, na kila kinachouzwa kina hukumu yake.

Huku kwetu bara mtu akisikia udi huwaza vijiti vya kuchoma. Udi wenyewe unatokana na mti unaoota Assam, kaskazini mashariki mwa India, na katika nchi nyingine za Asia hadi Indonesia. Mti ukiwa mzima, ndani ni mweupe, mwepesi, hauna harufu ya kutajwa. Ukijeruhiwa, wadudu wakautoboa na ukungu ukaingia, unajitetea kwa utomvu mzito unaoifanya mbao yake iwe nyeusi. Huo utomvu ndio udi. Si kila mti unao, na tangu mwaka 1995 biashara ya mti huo wa Assam inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe vilivyo hatarini. Basi usishangae bei.

Ili kupata mafuta, vipande vya udi hulowekwa majini siku nyingi mpaka vichachuke, kisha huchemshwa na mvuke wake hukusanywa. Mchachuko huo ndio unaoupa udi wa Kihindi tabia yake. Ukipaka tone moja, kwanza unakutana na zizi la ng'ombe. Naam, zizi! Asiyeujua husema mafuta yameoza. Asubiri kidogo. Ukali unashuka, inakuja harufu ya ngozi, ya mbao, ya moshi, na nyuma yake utamu wa mbali usiokinaisha. Kesho yake kanzu bado inanukia. Anayeupenda udi huu anaipenda safari hiyo yote.

Sasa kichupa cha shilingi elfu tatu kinachoanza kwa utamu wa pipi na kufika Alasiri kimeshapotea, kimeitwaje udi wa Kihindi?

Na usidhani pua yako itakuokoa. Wachanganyaji mahiri wanaiga mpaka harufu ya zizi. Mnunuzi wa kawaida hana namna ya kupima, ila kumwamini muuzaji. Ndiyo maana nasema jina hili ni amana: mwenzio ameshindwa kujua, akakukabidhi wewe ujue kwa niaba yake.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akaeleza kwamba anayeghushi hayuko pamoja naye. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Angalia: muuzaji hakuamrishwa atupe nafaka yake. Kosa lilikuwa kuificha.

Watu wa Ubaruku, nani anaijua hadithi hii kuliko sisi? Tunajua uchungu wa kuuziwa saro kwa jina la supa, au chenga zikiwa zimefichwa katikati ya gunia. Tunalalamikia lumbesa, na tuna haki ya kulalamika. Basi haiwezekani dhuluma iwe dhuluma kwenye gunia, halafu kwenye kichupa iitwe ujanja wa biashara.

Wapo wanaosema: "Ustadh, kila mtu anajua kwa bei hii si udi halisi." Ndugu yangu, kama kila mtu anajua, kwa nini umeliandika? Lifute jina hilo, andika "manukato ya harufu ya udi", uone. Wateja watakaoondoka ndio wale uliowapata kwa jina, si kwa mafuta. Manukato ya kutengenezwa kiwandani si haramu kwa sababu tu yametengenezwa. Yauze, upate riziki yako, lakini kwa jina lake.

Jambo jingine zito zaidi. Wengine wanauza mafuta haya kwa kutaja hadithi ya udi wa Kihindi wenye tiba saba. Hadithi ni sahihi, imo kwa Bukhari, lakini wanazuoni wameeleza kwamba udi uliokusudiwa pale ni qust, mzizi wa mmea mwingine kabisa. Kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa ampake au amnyweshe manukato kwa hoja ya hadithi hiyo ni kucheza na mwili wa mtu na kumsingizia Mtume (s.a.w.). Manukato hayanywewi.

Nawe mnunuzi, usijitwishe mzigo. Sunna ya Ijumaa ni kuoga, kupiga mswaki na kupaka manukato uliyonayo. Hukuambiwa uuze debe la mchele ununue tone la Assam wakati ada ya mtoto haijalipwa. Aliyejaaliwa na apake udi wake amshukuru Mola. Asiyenao, mafuta yake ya kawaida na kanzu safi vinamtosha.

Ijumaa ijayo, kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji: "Hii ni udi, au ni harufu ya udi?" Nawe muuzaji, mjibu kama unayejua kwamba Allah anasikia.

Allah atuwekee baraka katika mizani zetu, atulinde na chumo la hadaa, na atujaalie tuwe katika wale ambao Peponi vyetezo vyao ni vya udi. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako.