Fimbo ya kuvulia isisifiwe kwa ugumu wake

NDOANA NA CHAMBO
Na Shabani Mwandoro

Ukikiweka kiganjani, chambo hiki ni kitu kidogo cha kupendeza. Ni kipande cha plastiki au cha mti mwepesi wa balsa, kinene kama dole gumba, kimepakwa rangi ya dagaa au ya kamba wa maji baridi, na mbele kina ulimi mgumu unaong'aa. Wavuvi wa Marekani wanakiita krankibaiti. Kikivutwa majini, maji yanausukuma ule ulimi, kichwa kinazama, na mwili unatikisika huku na huku kama dagaa aliyejeruhiwa. Tumboni na mkiani zinaning'inia ndoana mbili, kila moja na kulabu zake tatu. Kulabu hizo ni ndogo na nyembamba, na mara nyingi zinamshika samaki juujuu tu, kwenye ngozi ya mdomo.

Hapo ndipo hoja ya safu hii inapoanzia. Mtu mwenye dola 100 hadi 200 mfukoni, anayetafuta fimbo ya kuvulia kwa chambo cha aina hii, akiingia dukani atasikia sifa moja ikirudiwa: fimbo hii ni nyepesi, ni ngumu, ina hisia kali, ukigusa jiwe chini ya maji unalijua. Yote hayo ni kweli, na kwa aina nyingine za uvuvi ni sifa njema. Kwa krankibaiti, ugumu huo ndio unaompokonya mvuvi samaki wake. Anayenunua kwa ajili ya kazi hii atafute fimbo inayopinda, na habari njema ni kwamba fimbo za namna hiyo ziko kwa wingi kwenye bei ya kati.

Ili kuelewa sababu, tumtazame samaki mwenyewe. Anayewindwa zaidi kwa chambo hiki ni besi mdomo-mkubwa, mwenyeji wa mito na maziwa ya Amerika Kaskazini. Huyu hang'ati kama mbwa. Anapanua kinywa na mashavu kwa ghafla, maji yanaingia kwa kishindo, na chambo kinaingia pamoja na maji. Akigundua kwamba alichomeza ni kigumu na hakina ladha, anakitema kwa upesi uleule. Mvuvi mwenye fimbo ngumu anahisi mguso mara moja, mkono unashtuka, anavuta. Chambo kinatolewa mdomoni kabla hakijatulia, na kulabu, zikibahatika, zinakwaruza ncha ya mdomo tu.

Fimbo inayopinda inampa samaki nafasi ya kufanya kosa lake. Anapovuta maji, ncha inamfuata, chambo kinaingia ndani zaidi, na mvuvi anakuja kuhisi uzito samaki akiwa ameshageuka nacho. Halafu inakuja ile dakika ambayo kila mvuvi wa besi anaijua: karibu na mashua samaki anaruka nje ya maji, kinywa wazi, anatikisa kichwa, na chambo kinagonga mashavu yake kwa mlio unaosikika. Fimbo ngumu hapo inakwenda kwa mikupuo, sasa imekaza, sasa imelegea. Kila mkupuo unapanua tundu la kulabu, na kila ulegevu unaiachia itoke. Fimbo laini inabaki imejikunja na kuvuta kwa nguvu ileile muda wote. Wavuvi wetu wa mshipi wa mkononi pwani wanaifanya kazi hiyo kwa mkono mtupu: samaki akivuta wanaachia, akilegea wanavuta. Fimbo nzuri ya krankibaiti inafanya mambo hayo mawili yenyewe.

Historia ya fimbo hizi imekwenda kwa mzunguko. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Shakespeare ya Marekani iliingiza sokoni fimbo za nyuzi za glasi, faibaglasi, zikachukua nafasi ya mianzi na chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Fenwick ikaleta fimbo za grafiti, yaani nyuzi za kaboni, na mambo yakabadilika. Kwa kipimo cha nyuzi zenyewe, kaboni ya kawaida ni ngumu kupindika takriban mara tatu kuliko glasi, na ni nyepesi kwa karibu asilimia 30. Wavuvi waliochoka kurusha fimbo nzito kutwa nzima waliikimbilia, na faibaglasi ikaanza kuonekana kitu cha kizamani, cha mzee na mjukuu wake ukingoni mwa bwawa. Mwaka 1976 Shakespeare wakachanganya nyuzi hizo mbili katika Ugly Stik, fimbo ambayo hadi leo inauzwa kwa bei nafuu na inasifika kwa kutovunjika.

Miaka hiyohiyo chambo chenyewe kilikuwa kinapata jina. Huko Tennessee, Fred Young alikuwa akichonga kwa kisu vyambo vinene vya balsa, akaviita Big O, kwa jina la kaka yake Odis. Sifa zake zilienea kwenye mashindano hata wavuvi, kama inavyosimuliwa, wakawa wanavikodi kwa siku na kuweka amana, kwa sababu vya kununua havikutosha. Baadaye Cotton Cordell wa Arkansas alivitoa kwa plastiki, na chambo cha kuchongwa mkono kikawa bidhaa ya kila duka.

Na mabingwa wa chambo hicho hawakuiacha glasi. Rick Clunn, aliyetwaa taji la mashindano ya uvuvi wa besi ya Bassmaster Classic mara nne, mwaka 1976, 1977, 1984 na 1990, ni mmoja wa watetezi wakubwa wa fimbo za faibaglasi kwa krankibaiti. Mwingine ni David Fritts wa North Carolina, aliyeshinda Classic ya mwaka 1993 katika ziwa Logan Martin, Alabama, kwa chambo hichohicho cha kuzama. Hawa ni watu ambao riziki yao ilitegemea samaki kufika ndani ya mashua, na wangeweza kupata fimbo yoyote waliyoitaka. Wakachagua ile ambayo wauzaji walikuwa wanaiona imepitwa na wakati. Mwandishi wa safu hii anaupa uchaguzi wao uzito kuliko tangazo lolote.

Sasa tuingie dukani.

Karibu na mpini wa kila fimbo kuna maandishi madogo, na mambo mawili kati ya hayo watu huyachanganya. La kwanza ni nguvu, yaani fimbo inabeba uzito gani. La pili ni mpindo, yaani inaanzia wapi kukunja. Fimbo iliyoandikwa Fast inakunja nchani tu. Iliyoandikwa Moderate inakunja hadi katikati. Kwa krankibaiti inatakiwa hii ya pili, au ile ya kati iitwayo Moderate Fast kwa anayevua kwenye vichaka na magogo, ambako samaki lazima atolewe haraka. Nguvu ya wastani, au wastani kwenda juu, inatosha kazi nyingi. Lakini maneno haya hayana kipimo kimoja duniani. Wastani wa kampuni moja unaweza kuwa mzito wa kampuni nyingine. Namba za uzito wa chambo ndizo zinazosema kweli zaidi. Fimbo inayokubali kati ya robo wakia na wakia moja, yaani gramu 7 hadi 28, inabeba vyambo vingi vya kawaida, kuanzia vile vidogo vya maji ya kina kifupi hadi Strike King 6XD, chenye uzito wa wakia moja, ambacho mtengenezaji wake anasema kinafika futi 19.

Urefu una maana kuliko wengi wanavyodhani. Chambo cha kuzama hakifiki kina chake papo hapo. Kinashuka taratibu, kinatembea chini kwa muda, kisha kinaanza kupanda kikikaribia mashua. Ukikirusha karibu, sehemu kubwa ya safari kinashuka na kupanda tu, na samaki aliyelala chini hakioni. Ndiyo maana futi 7 ni kipimo kizuri cha kuanzia, na wanaovua maji ya kina wanakwenda hadi karibu futi 8. Anayerusha chini ya matawi ukingoni apunguze kidogo. Mpini uwe mrefu wa kutosha kubanwa chini ya mkono, maana chambo kikubwa kinavuta maji mengi na kifundo cha mkono kinachoka kabla ya saa sita mchana.

Kwenye bei, chini ya dola 60 Ugly Stik inafanya kazi ya heshima kwa anayeanza, ingawa ni nzito mkononi. Kati ya dola 100 na 200 kuna fimbo zilizotengenezwa mahususi kwa chambo hiki: St. Croix wana Mojo Bass Glass, ya faibaglasi ya daraja la juu iliyo nyepesi kuliko ile ya zamani, na Lew's wana fimbo zinazobeba jina la Fritts mwenyewe. Zinazochanganya glasi na kaboni nazo ni nyingi, na kwa mtu mwenye fimbo moja tu ya kufanyia kila kitu, mchanganyiko huo ndio wa busara: unapunguza uzito na bado unapinda. Juu ya dola 300 mnunuzi analipia zaidi wepesi na hisia. Kwa anayevua kwa funza wa plastiki anayetambaa chini ya ziwa, hisia hiyo ina thamani ya pesa yake. Kwa krankibaiti, inayotikisika yenyewe mfululizo hadi kwenye kiganja, thamani hiyo ni ndogo sana.

Kabla ya kulipa, ishike fimbo kama bunduki, funga jicho moja, utazame kama pete zote zimesimama kwenye mstari mmoja. Halafu pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi siku ambayo samaki mkubwa amekuja. Mwisho mwombe muuzaji ashike ncha, wewe uinue mpini polepole. Mkunjo uanze nchani na ushuke bila kuvunjika hadi katikati ya fimbo. Ukiona ncha imejikunja na sehemu yote iliyobaki imenyooka kama mti wa bendera, irudishe rafuni hata kama bei imepunguzwa.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya Marekani. Kwa sehemu kubwa ni kweli, na Waswahili walioko huko wenye leseni ya uvuvi ya jimbo lao ndio walio karibu zaidi na maduka hayo. Lakini besi mdomo-mkubwa yuko Naivasha tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, alipopandikizwa kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Mwaka 1970 akafuatiwa na kamba mwekundu, naye asili yake ni kusini mwa Marekani, akawa chakula chake. Nyavuni leo samaki aina ya kapu wamekuwa wengi, lakini besi angali yumo, na krankibaiti ya rangi ya kamba inayogonga mawe ya ziwa lile inamwonyesha chakula anachokifahamu. Kwa anayeagiza fimbo kutoka nje, ya vipande viwili inasafiri kwa gharama na wasiwasi mdogo kuliko ya kipande kimoja cha futi 7 na nusu, na viungo vya siku hizi havipunguzi kitu ambacho mvuvi wa kawaida atakihisi.

Sangara wa Ziwa Victoria ni habari nyingine. Yeye huwindwa kwa kurambaza, chambo kikubwa chenye ulimi kikiburutwa nyuma ya mashua, na vyambo vya Rapala kutoka Ufini vinajulikana sana katika kazi hiyo. Fimbo yake ni fupi na nene, na hakuna fimbo ya besi inayofaa kuwekwa mbele yake. Hata hivyo nayo inatakiwa ipinde, kwa sababu ileile ya kulabu tatu.

Chenji isiliwe yote na fimbo. Rili iwe ya mwendo wa pole, ule wa mizunguko mitano na kidogo kwa mzungusho mmoja wa mkono, maana rili ya kasi inamchosha mvuvi na kukipeleka chambo mbio. Mshipi wa florokaboni wa ratili 10 hadi 12 unafaa. Ni mwembamba, unazama, unakiruhusu chambo kushuka. Na pakiti ya ndoana kali za akiba ni lazima. Iburute ncha ya kulabu juu ya ukucha wa dole gumba: ikinasa, inafaa, ikiteleza, ibadilishe hapohapo.

Msomaji ambaye tayari ana fimbo nyumbani asinunue nyingine kabla ya kufanya jaribio hili. Funga mshipi kwenye nguzo ya uzio bila ndoana yoyote, rudi nyuma hatua 20, kaza, umwombe mtu akupige picha kwa ubavu huku fimbo imepinda. Picha ikionyesha mkunjo umefika katikati, fimbo unayo, na dola 150 zako zinunulie vyambo.