Nani kasema apande tena papo hapo?

Kando ya viwanja vya mafunzo ya farasi, uwe Karen au Lang'ata jijini Nairobi, mtoto akirushwa chini husikika amri ileile kabla vumbi halijatulia: mpandisheni tena, sasa hivi! Wanaoitoa ni wakufunzi wazoefu na wazazi wenye nia njema. Hoja zao nyote mmezisikia. Nitazileta mbele yenu kama wanavyozisema wenyewe, nanyi mtahukumu.

Ya kwanza ndiyo nguzo yao: asipopanda sasa, woga utamkaa na hatapanda tena maishani. Nusu ya kauli hii ni kweli. Anayekwepa anachokiogopa hupata nafuu ya mara moja, na nafuu hiyo humzoeza kukwepa zaidi. Lakini kati ya "asikwepe" na "apande dakika hii" kuna pengo ambalo hakuna anayejisumbua kuliziba. Kusubiri siku chache si kukwepa. Tena kipo cha kuangaliwa kabla ya woga, nacho ni kichwa. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hutokea bila mtoto kuzimia, na dalili zake, kama kuumwa kichwa, kichefuchefu au kuduwaa, huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Wataalamu wa majeraha ya michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishikilia msimamo uliokuwapo: mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko harudi mchezoni siku hiyo. Basi mkufunzi anayempandisha mtoto baada ya dakika mbili kajuaje kwamba ubongo u salama? Na helmeti iliyogonga ardhi ni ya kubadilishwa, maana povu gumu la ndani likishabonyea halirudi, hata kama kwa nje bado inang'aa.

Hoja ya pili: farasi anaujua woga wa binadamu, kwa hiyo mtoto afute machozi na ajikaze. Hapa nawashukuru, kwa kuwa wamenipa ushahidi. Mwaka 2009 Linda Keeling na wenzake nchini Sweden walichapisha jaribio ambalo watu waliokuwa wakiongoza au kupanda farasi waliambiwa kwamba mzunguko ujao mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya mnyama. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia. Farasi hakuambiwa lolote kuhusu mwavuli. Alichokuwa nacho ni yule mtu tu. Kwa nini basi apewe mgongoni mtoto aliye katika kilele cha hofu? Machozi yakifutwa, mwili haunyamazi: magoti yanabana, visigino vinapanda, mikono inavuta hatamu hadi kifuani, lijamu linamuuma farasi mdomoni, naye anatupa kichwa juu. Hoja ya kwanza inamtaka mtoto mwenye hofu juu ya farasi sasa hivi. Ya pili inasema hofu hiyo humvuruga farasi. Wachague moja, kwa sababu zote mbili hazikai tandiko moja.

Ya tatu ni fupi: mwambie hakuna cha kuogopa. Jibu lake nalo ni fupi. Kipo. Mnyama wa kilo mia nne au zaidi amemwangusha, na mtoto anajua. Ukimdanganya kwa alichokiona mwenyewe, atakuamini vipi utakapomwambia kweli? Afadhali aoneshwe kilichomshtua farasi, tuseme mfuko wa plastiki uliopeperuka kwenye ua, aelezwe kwamba farasi ni mnyama wa kukimbia kwanza na kuuliza baadaye, na kwamba hakumkusudia yeye.

Ya nne hutamkwa kwa kejeli: kumrudisha mtoto pole pole ni kumdekeza, sisi tulianguka kwa punda tukainuka. Haya, tuwatazame watoto wa Lamu na punda wao. Mtoto huanguka kutoka kwenye mgongo mfupi, mara nyingi juu ya mchanga, na hurudi atakapo mwenyewe, leo au kesho, bila mtu mzima kumsimamia na saa mkononi. Huo ni ushahidi dhidi ya amri, si wa kuitetea. Na wale walioanguka wasipande tena hawapo barazani kusimulia ushujaa.

Ama kudekeza, suala hili lilipimwa zamani. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza kisa cha Peter, mtoto wa miaka mitatu hivi aliyeogopa sungura. Hakumrushia sungura mapajani. Peter alipewa chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali ndani ya tundu, kisha akasogezwa kidogo kidogo, hadi mtoto akamshika kwa mkono wake. Katikati Peter aliugua, na alipotoka hospitali mbwa mkubwa akamtisha, hofu yote ikarudi. Jones alianza upya. Kwenye banda la farasi hatua hizo zinajulikana na kila saisi: mtoto apewe brashi amsugue farasi, amwongoze kwa kamba, akae tandikoni saisi ameshika lijamu, kisha atembezwe. Hofu ikirudi, shuka hatua moja. Na akiwa mzima, hakugonga kichwa, naye mwenyewe anaomba kupanda leo, simzuii. Sharti ni kwamba ombi litoke kwake.

Imebaki ile wasiyoitamka hadharani: akiacha atakuwa ameshindwa, na pesa zimepotea. Mtoto aliyepitishwa hatua hizo kwa subira, kisha akasema hataki farasi tena, ametoa uamuzi wake na aachwe. Ada ya muhula iliyokwisha lipwa haimo katika ushahidi.