Mshairi chipukizi apewe ukurasa

Mshairi anayeanza hakosi maneno, hukosa pa kuyapeleka. Daftari hujaa, kisha hufungiwa sandukuni.

Zamani gazeti lilikuwa baraza lake. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapa tungo za wasomaji, na mmoja wao alikuwa karani wa forodha aitwaye Shaaban Robert. Mtu akitoa fumbo, mwenzake wa mbali alimjibu kwa shairi. Nchini Kenya, Taifa Leo nalo limewalea wengi kwa ukurasa wa mashairi.

Leo makundi ya WhatsApp yamefungua mlango mpana zaidi, na ni jambo jema. Lakini huko shairi hupokelewa kwa vidole gumba na makofi, basi. Hakuna anayechukua kalamu akahesabu mizani 8 za ukwapi na 8 za utao, akamwonyesha mtunzi kwamba ubeti wa tatu umepoteza kina cha kati.

Kazi hiyo ni ya mhariri. Kila gazeti la Kiswahili litenge nusu ukurasa kwa wiki, nazo redio za mikoani zitoe nusu saa ya malumbano, malenga mkongwe akiwa studioni kusahihisha.