Bunia: Kibao cha parseli kisicho na jina kisiaminiwe

Kando ya barabara zinazoingia Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, vibao vya kuuzisha parseli havikosekani. Kimoja ni cha mbao, kingine ni kipande cha bati kilichopigiliwa kwenye mti. Maandishi ni mafupi: parseli ya kuuzisha, bei ya kusikilizana, namba ya simu. Jina la mwenye ardhi halipo. Ofisi haipo. Hati haitajwi.

Kuweka kibao si kosa. Kijana anayeanza biashara ya kununua na kuuzisha viwanja hana pesa ya kulipia tangazo la redio kila siku. Kibao ni bei rahisi, na kila mpita njia anakisoma. Shida ni kile ambacho kibao hakisemi.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya kuandikishwa inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi, hata ikiwa na muhuri wa mkubwa wa mtaa, haitoshi.

Kuna jambo lingine ambalo wakimbizi wa ndani wanapaswa kulijua. Hati ikimaliza miaka 2 bila kupingwa, ni vigumu sana kuivunja. Aliyepoteza ardhi yake anabaki kudai fidia tu. Na familia nyingi zilikimbia Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017. Mtu akisimamisha kibao kwenye shamba lao leo, nani atakiona? Nani atapinga kabla ya miaka 2 kwisha? Hilo si jambo dogo katika Ituri, ambako vita ya mwaka 1999 ilianzia kwenye mabishano ya ardhi huko huko Djugu.

Mkimbizi anayetaka kununua naye yuko hatarini. Amechoka kuishi chini ya hema, amekusanya dola zake kidogo kidogo. Anapiga ile namba. Komisioneri anaomba pesa ya kwenda kuona parseli, kisha avansi, kisha yote. Baada ya miezi, mwingine anakuja na karatasi zake na kumwambia atoke. Si bure watu wanaandika kwa rangi kwenye kuta zao: parseli hii haiuzishwe. Wanajua mali moja inaweza kuuzishwa mara mbili, mwenyewe akiwa safarini.

Kwa hiyo wakubwa wa mji wasiruhusu kibao chochote cha ardhi kisichoonyesha mambo manne: jina la biashara, namba yake ya RCCM, mahali ofisi ilipo, na namba ya hati ya parseli. Mfanyabiashara wa kweli hatapoteza kitu. Kinyume chake, wateja watamtofautisha na mjanja mwenye simu peke yake.

Wakati sharti hilo linangojewa, mnunuzi asitoe hata franka moja kabla ya kuuliza majirani, mkubwa wa mtaa, na mwishowe ofisi ya hati za ardhi. Ofisi ndiyo ya mwisho, na ndiyo ya lazima. Na familia iliyo mbali, ikisikia kwamba kibao kimesimama kwenye shamba lake, isitume vijana kwenda kukivunja. Iandike barua kwa konservateri, ibaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa, na ikiwezekana ifike tribinali mapema.

Kung'oa kibao ni kazi ya dakika moja. Hati iliyokwisha kuandikwa kwa jina la mwingine haing'oki hivyo.