Waraka wa Kiangazi kwa Wanachama wa Bustani Yetu ya Pamoja, Gungu

Ndugu wanachama,



Mvua zimetuaga. Kuanzia sasa hadi Oktoba hatutegemei tone la maana, na kila fungu la mchicha, bamia na matembele litakalotoka kwetu kwenda soko la Mwanga litakuwa limenyweshwa kwa mkono wa mtu. Nawaandikia mapema, kisima kikiwa bado kimejaa, kwa sababu kanuni zinazojadiliwa watu wakiwa wamekwishagombana hazisikilizwi na mtu.

Matuta yako ni yako. Ukitaka kupanda lengalenga mwaka mzima, panda. Ukitaka nyanya tupu, ni shauri lako na mfuko wako. Lakini maji, njia na wadudu si vya mtu mmoja, na hapo hiari inakoma. Haya matatu ndiyo ninayowaomba tuyashike kiangazi hiki bila kuoneana haya.

Nianze na maji. Tulikubaliana kwamba tunamwagilia asubuhi kabla ya saa tatu na jioni kuanzia saa kumi, kwa zamu, kwa ndoo na keni. Pampu hairuhusiwi. Najua wapo wanaosema pampu ni maendeleo, nami siipingi pampu. Ninachopinga ni mtu mmoja kuvuta kwa nusu saa maji ambayo kisima kilihitaji usiku kucha kuyakusanya, kisha mama mwenye mtoto mgongoni anafika alfajiri na kukuta tope. Vilevile pipa la kujazwa usiku halikubaliki, hata kama mwenye pipa ni mjumbe wa kamati. Kanuni iwashike viongozi kwanza, ndipo itakuwa na uso wa kumwambia mwanachama.

Wala tusidhani jambo hili ni geni au limeletwa na maofisa. Wachagga wa Kilimanjaro walichimba mifongo kabla ya ukoloni, wakaitunza kwa zamu zinazojulikana, na asiyetokea siku ya kuusafisha mfongo hutozwa faini au hukosa maji. Huko Valencia, Hispania, wakulima wana baraza la maji linalokaa kila Alhamisi mlangoni pa kanisa kuu la mji. Waamuzi ni wakulima wenyewe waliochaguliwa na wenzao, mashauri husemwa kwa mdomo, na hukumu hutolewa papo hapo. Napenda jambo hilo la mwisho. Kwetu shauri la maji hukaa miezi likinong'onwa, na likija kufika kikaoni limeshakuwa uadui wa familia mbili. Napendekeza kamati isikilize malalamiko ya maji kila Jumamosi, palepale kisimani, pande zote mbili zikiwepo, na yaishe siku hiyohiyo.

La pili ni wadudu, na hapa naomba mnisome polepole. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, aliingia Tanzania mwaka 2014. Kwao ni Amerika ya Kusini, na alianza kuonekana Hispania mwaka 2006 kabla ya kutufikia sisi. Ni kipepeo mdogo wa rangi ya kijivu, mtu anaweza kumpita bila kumwona. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 200. Funza wake hujipenyeza ndani ya jani la nyanya na kulila katikati, likabaki ngozi mbili zilizokauka kama karatasi, kisha huingia kwenye tunda karibu na kikonyo. Hali ya hewa ikiwa ya joto, yai hufikia kuwa kipepeo kwa takriban mwezi mmoja tu.

Sasa fikirini maana yake. Mwanachama akishavuna nyanya zake na kuacha mashina yamesimama tutani, kwake msimu umekwisha, lakini kwa kantangaze ndiyo kwanza nyumba imepatikana. Jirani atapiga dawa wiki baada ya wiki, atamaliza fedha, na wadudu watarudi kutoka tuta lile lile. Dawa ya jambo hili hainunuliwi dukani: ukimaliza kuvuna, ng'oa mashina yote ndani ya wiki moja, yafukie chini sana au yachome moto. Asiyeng'oa, kamati itang'oa na gharama atalipa yeye. Na anayepiga dawa ya kiwandani aweke kijiti chenye kitambaa chekundu tutani mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Mboga hizi zinaliwa na watoto wa Gungu, wa kwetu na wa wenzetu.

La tatu ni njia, na hapa sina mengi. Tuta lisiingie njiani, na matuta yakinge mteremko, maana udongo wa vilima vyetu ukishateremka ziwani haurudi. Anayetamani kusogea hadi ukingo wa mto akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Kuhusu vipande vilivyoachwa: anayevuka kwenda Kalemie au Uvira kibiashara amwachie mtu matuta yake na kamati ijulishwe. Kipande kikikaa pori wiki tatu bila taarifa, atapewa anayesubiri mpaka msimu uishe. Mgonjwa, mfiwa na mzazi aliyejifungua hawahusiki na kanuni hii. Hao tutawamwagilia sisi, kwa zamu, na isiwe fadhila ya kutangazwa.

Mwisho, daftari la mapato na matumizi litasomwa mbele ya wote. Tunataka kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hautolewi kwa kikundi kisicho na usajili, katiba na akaunti ya benki. Katiba tunayo. Anayedaiwa ada alipe.

Tukutane kisimani Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa kumi na mbili asubuhi, kuzibua mfereji na kupanga zamu. Kila mmoja aje na jembe lake, na asiyeweza kuja atume mtu.

Katibu wenu