Mazungumzo ya Juma: Mizani ya Mtihani

Wasomaji wetu, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo husumbua nyumba nyingi kila mwaka unapokaribia kwisha, nalo ni mtihani unaoamua mtoto ataingia shule gani. Wazazi wengi husema kwamba mtihani huu hauna haki. Baadhi yao husema hivyo kwa sababu watoto wao wameshindwa, nao hawataki kukubali. Lakini wako wengine wenye sababu ya kweli, wala si vizuri kuwahesabu wote kuwa walalamishi na kuwaambia wanyamaze.

Nitaanza kwa mfano ambao kila mkulima aufahamu. Unapopeleka kahawa yako kiwandani, humwachii karani wa mizani apime peke yake huku wewe umegeuka ukitazama njia. Wasimama karibu, waangalia mshale, kisha wapokea karatasi yenye uzito wako. Ukiona kilo zimepungua wasema, "Bwana, tafadhali pima tena." Karani mwema hakasiriki. Hupima tena, maana ajua kwamba mizani yaweza kuharibika na jicho la mtu laweza kukosea. Basi, mtihani nao ni mizani. Tofauti ni kwamba kinachopimwa si kahawa bali ni kazi ya mtoto ya miaka mingi, na wakati wa kupima mzazi hayupo.

Wazee wetu waijua mizani hiyo tangu zamani. Kabla ya Uhuru mtoto wa Kiafrika alichujwa mara mbili, kwanza alipomaliza darasa la nne, na tena alipomaliza darasa la nane, na waliobaki nje walikuwa wengi kuliko walioingia. Baadaye ulikuja mtihani wa C.P.E. uliodumu hata mwaka 1984, na tangu 1985 ukawako K.C.P.E., ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Majina yalibadilika, walakini jambo moja halikubadilika: karatasi za siku chache ndizo zilizoonyesha ni nani ataitwa katika shule kubwa za taifa na ni nani ataingia shule ya karibu na kwao isiyo na maktaba wala vyombo vya sayansi.

Sasa tuutazame huo mtihani wa mwisho wa K.C.P.E. Matokeo yalitangazwa tarehe 23 Novemba 2023. Watoto waliopimwa walikuwa zaidi ya milioni 1.4, na waliopata alama 400 au zaidi katika alama 500 walikuwa 8,525 tu. Wazazi walitumia simu kuuliza alama za watoto wao, kama walivyoelekezwa. Wengine waliletewa alama ambazo hazikulingana na zile zilizofika shuleni. Wengine walishangaa kuona kwamba mtoto aliyefanya karatasi ya Kiswahili ameandikiwa alama za Lugha ya Ishara, somo ambalo hakulisoma hata siku moja. Baraza la Mitihani lilikiri kwamba majibu ya simu yalikuwa na makosa, nalo likawaelekeza wazazi wenye malalamiko wayapeleke kwa njia ya shule. Jambo hilo lilifika mpaka mbele ya Kamati ya Elimu ya Bunge.

Nilisikia watu wakisema wakati ule kwamba katika kazi kubwa kama ile makosa machache si kitu. Tufanye hesabu pamoja. Kama watoto ni 1,400,000, na kosa likampata mmoja tu katika kila 1,000, waliodhulumiwa ni 1,400. Hao watajaza shule nzima na wengine wabaki uani. Kwa karani wa hesabu hilo ni kosa dogo sana. Kwa baba aliyeuza ng'ombe ili alipe karo, hakuna mmoja katika elfu. Kuna mtoto wake, naye ana mmoja tu wa umri ule.

Nanyi makarani mwajua jinsi kosa linavyozaliwa. Mtu akiruka mstari mmoja katika daftari, kila jina lililo chini hupewa fedha za jirani yake. Daftari huonekana safi, na jumla yake huenda ikawa sawasawa, walakini kila mtu amepata kisicho chake. Kosa la namna hiyo halionekani na aliyeandika. Huonekana na yule anayekuja dirishani na kusema, "Huu si mshahara wangu." Kwa hiyo afisa anayewafukuza walalamishi ajifukuzia watu ambao wangemsaidia kusahihisha daftari lake.

Tena liko jambo la pili, lililo gumu zaidi. Hata mizani ikiwa nzima kabisa, yaweza kupima isivyofaa. Mnakumbuka kwamba baada ya mauaji ya Mandera mwishoni mwa 2014, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya walikataa kurudi kaskazini mashariki mwaka 2015, na madarasa mengi yakakaa bila mwalimu. Hata hivyo watoto wa huko walipewa karatasi ile ile waliyopewa watoto wa Nairobi wenye mwalimu kwa kila somo. Je, alama zilizopatikana zilipima akili ya mtoto, au zilipima bahati yake?

Serikali ilijaribu kulitengeneza jambo hilo mwaka 2011, ilipogawa nafasi za shule za taifa kwa kufuata hesabu ya watahiniwa wa shule za umma na wa shule za binafsi. Wazazi wa shule za binafsi walikasirika, wakasema kwamba mtoto wao mwenye alama nyingi ameachwa na mwenye alama chache amechukuliwa. Kesi ilipelekwa Mahakama Kuu, na mwaka ule ule Mahakama ikaamua kwamba mpango huo haukuvunja sheria. Mimi nawahurumia wazazi wa pande zote mbili. Aliyejinyima ili alipe karo kubwa hakutenda kosa, na aliyekosa fedha hizo hakutenda kosa pia. Kosa ni uchache wa shule njema. Mahali penye mkate mmoja na watu kumi, hakuna kisu kitakachowaridhisha wote.

Lakini tuseme kweli yote, wala tusiwalaumu wakubwa peke yao. Wako wazazi wanaolia juu ya haki mwezi wa Desemba, na mwezi wa Oktoba walikuwa wakichanga fedha kununua karatasi za wizi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa udanganyifu, na mwezi wa Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Anayenunua karatasi ya wizi ni sawa na mkulima atiaye mawe katika gunia lake. Kisha mizani ikitiliwa shaka, atapataje uso wa kusimama mbele ya karani na kusema, "Pima tena"?

Sasa tumepata mizani mpya. Mtihani wa kumaliza Gredi ya Tisa ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, na alama zake hazisimami peke yake. Mtihani wenyewe huchukua sehemu 60 katika 100, kazi iliyopimwa shuleni na walimu huchukua 20, na mtihani wa Gredi ya Sita huchukua 20. Nia yake ni njema, maana mtoto aliyeamka na homa siku ya mtihani hapotezi kila kitu. Lakini zile sehemu 20 za shuleni zahitaji uangalizi. Mwalimu mwaminifu apimaye kwa ukali aweza kumdhuru mwanafunzi wake, na jirani yake agawaye alama kama karanga akawainua wa kwake. Yafaa alama hizo zikaguliwe na mtu wa nje, na yafaa mzazi azione kila muhula, asingoje mpaka mwisho.

Basi, wazazi, mfanye nini? Kwanza, hakikisheni jina la mtoto, nambari yake na masomo yake wakati anapoandikishwa, maana makosa mengi huzaliwa hapo. Pili, wekeni ripoti zake zote za shule mahali pamoja, pasipoliwa na mchwa. Tatu, mkiona alama zisizoeleweka, nendeni kwa mwalimu mkuu upesi kabla siku za malalamiko hazijapita, mkiwa na karatasi mikononi, si hasira peke yake. Mwombeni barua, nanyi mbaki na nakala. Anayesema "nimesikia" huambiwa arudi nyumbani, lakini anayesema "hii hapa" hupewa kiti.

Nanyi mlio katika ofisi za elimu, msidhani kwamba kukubali kosa kwawaondolea heshima. Watu waliona mwaka 2023 kwamba mizani ilitikisika, nao wangali wakikumbuka. Heshima ya mtihani hairudishwi kwa kusema kwamba hauna kosa. Hurudishwa siku ile ambapo mama asiye na cheo wala jamaa mjini anaandika barua moja, na barua ile inajibiwa, na karatasi ya mtoto wake inatazamwa tena mbele ya macho yake. Ikiwa alama ni zile zile, atakubali na kumtafutia mtoto njia nyingine. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.